Swichi Kwanza, Kamera Baadaye

Mtu anayetaka kufungiwa kamera za usalama dukani, shuleni au kwenye nyumba ya wageni huanza na maswali yaleyale. Kamera ngapi zitatosha? Usiku picha itakuwa safi? Kumbukumbu zitakaa siku ngapi? Fundi humjibu, wanapatana bei, na kinachobaki kwenye bajeti ndicho kinachonunulia swichi, yaani kile kisanduku chenye matundu mengi kinachounganisha kamera zote na mashine ya kurekodia. Hata madukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi, kamera huchaguliwa kwa kuulizia ubora wa picha, lakini swichi huombwa kwa idadi ya poti tu: "Nipe ya nane," "Nipe ya kumi na sita."

Utaratibu huo umewekwa kichwa chini miguu juu. Swichi ndiyo inayozipa kamera umeme, ndiyo inayobeba picha, na ndiyo inayoanza kuamua ni nani ndani ya jengo anaweza kuzifikia kamera na kamera zenyewe zinaweza kumfikia nani. Kamera mbovu hupoteza picha ya kona moja. Swichi isiyofaa huzima kona nyingi kwa mpigo, au huacha njia wazi kutoka ukuta wa nje hadi kwenye kompyuta ya mhasibu. Kwa hiyo swichi inapaswa kuchaguliwa mapema, kwa vigezo viwili vikuu: wati inazoweza kutoa usiku, na uwezo wake wa kuzitenga kamera na mitandao mingine. Idadi ya poti ni swali la lazima, ila si la kwanza.

Umeme ndani ya waya wa mtandao

Kamera za kisasa za mtandao hazihitaji soketi ukutani. Waya mmoja hubeba picha na umeme kwa pamoja, kwa mfumo unaojulikana kwa herufi PoE. Kiwango chake cha kwanza, 802.3af, kilitolewa mwaka 2003 na IEEE, taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme na elektroniki. Kinairuhusu poti kutoa hadi wati 15.4, na kinahakikisha kwamba kifaa kilicho mwisho wa waya wa mita 100 kinapata wati 12.95. Mwaka 2009 kikaja 802.3at, chenye wati 30 kwenye poti na 25.5 kwenye kifaa. Mwaka 2018 kikaongezwa 802.3bt, kinachofikia wati 60 na hata 90 kwenye poti. Tofauti kati ya kinachotoka na kinachofika hupotea njiani kama joto ndani ya waya.

Kwa kamera nyingi zisizozunguka, af inatosha. Kamera zinazozunguka na kuvuta picha ya mbali, hasa zenye taa kali za infraredi, huhitaji at, na zile kubwa kabisa hutaka bt. Habari njema ni kwamba viwango hivi vinapatana: kamera ya af ikichomekwa kwenye swichi ya at inafanya kazi bila tatizo lolote.

Inafaa kuelewa kinachotokea sekunde ile waya unapoingia kwenye poti. Swichi inayofuata kiwango haimwagi umeme papo hapo. Kwanza hupitisha volti chache, chini ya 11, ikitafuta ukinzani wa takriban omu 25,000 ambao vifaa vyote vya PoE vinavyofuata kiwango vimewekewa ndani. Ikiupata, hupima kifaa ni cha daraja gani, yaani kitahitaji umeme kiasi gani. Hapo ndipo hufungulia umeme kamili, ambao kwa af ni volti 44 hadi 57. Ukichomeka kompyuta mpakato isiyo na ukinzani huo, poti hupitisha data tu na kompyuta inabaki salama.

Zipo pia sokoni swichi na adapta zinazotoa volti 24 au 48 moja kwa moja, bila kupima chochote. Hizo hutoa umeme muda wote, na kifaa kisicho chake kikichomekwa humo kinaweza kuungua. Mara nyingi boksi lake huandikwa "PoE" kwa herufi kubwa pasipo namba ya kiwango. Ushauri hapa ni mfupi: swichi isiyotaja waziwazi 802.3af au 802.3at isinunuliwe kwa kazi ya kamera.

Hesabu ifanywe kwa wati za usiku

Swichi yenye poti 16, kila poti ikiwa na uwezo wa wati 30, haimaanishi kwamba ina wati 480 za kugawa. Ndani yake kuna pawasaplai moja yenye kikomo chake, na kikomo hicho ndicho bajeti halisi ya umeme. Swichi mbili zenye idadi sawa ya poti zinaweza kutofautiana mara mbili kwa bajeti hiyo, na hapo ndipo bei nafuu hupatikana.

Tuchukue mfano wa shule ya bweni yenye kamera 16: 14 za kawaida na 2 za kuzunguka. Mchana kamera ya kawaida inakula kama wati 5 na ya kuzunguka kama wati 12. Jumla ni wati 94. Fundi akifunga swichi ya poti 16 yenye bajeti ya wati 150, kila kitu kitafanya kazi. Mwalimu mkuu ataona picha zote kwenye skrini, atasaini, na fundi ataondoka saa kumi jioni.

Saa moja giza linaingia. Kamera zote zinawasha taa za infraredi karibu kwa wakati mmoja. Sasa ya kawaida inataka wati 9 na ya kuzunguka wati 22, na jumla imepanda hadi wati 170. Swichi imeelemewa. Hufanya kilichopangwa kiwandani: hukata umeme kwenye poti zenye kipaumbele cha chini, na katika swichi nyingi hizo ni poti zenye namba kubwa. Mzigo ukipungua, poti hujaribu kuwaka tena, kamera inaanza upya, taa zinawaka, poti inakatwa. Mchezo huo unaweza kuendelea usiku kucha. Asubuhi jua likichomoza kamera zote zinarudi, na fundi akiitwa mchana haoni kasoro. Kamera hubadilishwa, nyaya hubadilishwa, na chanzo kimebaki palepale ndani ya swichi.

Dawa yake ni hesabu inayofanyika kabla ya kununua. Soma karatasi ya vipimo ya kila kamera, uchukue kiwango cha juu kabisa cha wati, taa zikiwa zimewaka, ujumlishe, kisha uongeze robo. Kwa shule yetu, wati 170 na robo yake ni kama wati 213, kwa hiyo swichi ya wati 250 inafaa. Liko jambo moja zaidi la kuuliza. Baadhi ya swichi hazihesabu umeme unaotumika kweli, bali hutenga akiba kwa daraja la kifaa: kamera ya daraja la 3 hutengewa wati 15.4 hata kama inatumia 6. Kwa hesabu hiyo kamera 14 zitatengewa wati 215.6, na mbili za kuzunguka za daraja la 4 zitatengewa 60. Jumla inavuka 275, na swichi ya wati 250 itakataa kuwasha kamera ya mwisho. Swichi yenye mipangilio humruhusu fundi kuchagua ihesabu matumizi halisi, na kutoa kipaumbele cha juu kwa poti za kamera za getini na za chumba cha fedha, ili umeme ukipungua zikatwe za bustanini kwanza.

Waya nao uingizwe kwenye hesabu. Viwango vya PoE vimejengwa juu ya waya wa shaba halisi usiozidi mita 100. Sokoni kumejaa waya wa alumini uliopakwa shaba, ambao huandikwa CCA. Ukinzani wake ni takriban mara moja na nusu ya ule wa shaba, hivyo umeme mwingi zaidi hupotea njiani, na kamera ya mbali ndiyo ya kwanza kuzimika taa zinapowaka. Kuutambua ni rahisi: ni mwepesi kwa mkono, na ukikwangua uzi wake kwa kisu, ndani unang'aa kwa rangi ya fedha. Swichi nzuri haiwezi kufidia waya wa namna hiyo. Rahisi ni ghali.

Umeme wa gridi ukikatika

Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani kwa saa kadhaa, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliguswa. Kwa wakazi wengi wa Afrika Mashariki, kukatika kwa umeme ni sehemu ya maisha, na mwizi anajua hilo kama mtu mwingine yeyote. Hapa ndipo PoE inapoonyesha faida yake kubwa. Kamera 16 zenye adapta 16 zilizotawanyika kwenye soketi za majengo zinahitaji akiba ya umeme mahali 16. Kamera 16 zinazolishwa na swichi moja zinahitaji betri mahali pamoja tu.

Kwa shule yetu, kamera zinakula wati 170 usiku, swichi yenyewe kama 30, na mashine ya kurekodia kama 40: jumla wati 240. Betri mbili za asidi za volti 12, kila moja ya ampea-saa 100, zina wati-saa 2,400. Betri za aina hiyo hazipendi kutumiwa kupita nusu, na inveta nayo hula sehemu yake, kwa hiyo kinachobaki ni kama wati-saa 1,000. Hizo zinatosha saa nne. UPS ndogo ya kompyuta, ile inayowekwa chini ya meza, itatoa dakika chache tu. Ruta nayo iunganishwe kwenye akiba hiyohiyo, vinginevyo mwenye mali hataona kitu kwenye simu yake ingawa kamera zinarekodi.

Kwa nini kamera zitengwe

Kamera ya mtandao ni kompyuta ndogo yenye lenzi. Ina programu endeshi, ina anwani ya IP, ina nywila, na ina dosari kama kompyuta nyingine. Tofauti ni kwamba kompyuta ya ofisi husasishwa mara kwa mara, ilhali kamera hufungwa juu ya ukuta na kusahaulika kwa miaka.

Ulimwengu ulipata fundisho hilo mwaka 2016. Programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka kwenye intaneti ikijaribu orodha fupi, majina na nywila za kiwandani zipatazo sitini hivi, kwenye kamera, mashine za kurekodia na ruta. Vifaa vingi vilifunguka. Septemba mwaka huo jeshi hilo la vifaa liliishambulia tovuti ya mwandishi wa habari za usalama Brian Krebs kwa mkondo wa takriban gigabiti 620 kwa sekunde. Oktoba 21 likaishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti, na huduma kubwa kama Twitter na Netflix zikakosa kufikika kwa watu wengi wa Marekani na Ulaya. Wenye kamera zile hawakujua kwamba vifaa vyao vilikuwa vikitumiwa.

Nywila nzuri ingewaokoa wengi mwaka 2016, lakini si kila mara. Septemba 2021 Hikvision, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa kamera duniani, ilitangaza dosari ambayo ilimwezesha mshambuliaji aliyeweza kuifikia kamera kwenye mtandao kuitawala bila nywila yoyote. Ilipewa ukali wa 9.8 kati ya 10. Machi mwaka huohuo wadukuzi walipata akaunti ya msimamizi mkuu wa Verkada, kampuni ya Marekani inayohifadhi picha za wateja kwenye wingu, wakaweza kuona kamera zipatazo 150,000, zikiwemo za hospitali, magereza na za kampuni ya Tesla.

Katika matukio haya swali linalomhusu mwenye jengo ni lilelile: kamera ikishikwa na adui, adui huyo atafika wapi? Kama kamera, kompyuta ya mhasibu, mashine ya malipo na simu za wageni viko kwenye mtandao mmoja, jibu ni kwamba njia ya kufika popote iko wazi. Wala adui si lazima awe ng'ambo. Waya wa kamera ya nje unaishia kwenye ukuta wa nje. Mtu mwenye ngazi na kompyuta mpakato anaweza kuchomoa kamera, kuchomeka kompyuta yake, na kuwa ndani ya mtandao wa jengo akiwa amesimama barabarani.

Sheria nayo imeingia humu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi, na anayeikusanya anawajibika kuilinda. Wanafunzi wa bweni na wageni wa hoteli wana haki ya kutarajia kwamba picha zao haziko mikononi mwa watu wa mbali.

Namna za kutenga, na mipaka ya kila moja

Namna ya kwanza ni kutenganisha kabisa: swichi ya kamera na mashine ya kurekodia vinasimama peke yake, bila waya wowote unaokwenda kwenye mtandao wa ofisi wala intaneti. Ndiyo salama kuliko zote na haihitaji utaalamu. Hasara yake ni kwamba picha zinaonekana kwenye skrini ya mlinzi tu. Kwa ghala, kiwanda kidogo au benki ya akiba ya kijiji, hiyo yaweza kuwa ndiyo inayotakiwa hasa.

Namna ya pili ni mashine ya kurekodia yenye poti za PoE mgongoni mwake. Kwa kawaida kamera zinazochomekwa humo hupewa anwani za ndani, tofauti na za mtandao wa ofisi, na mashine ndiyo inayosimama katikati. Kwa duka lenye kamera nne hadi nane, huu ni uamuzi mzuri na wa gharama ndogo. Lakini nyaya zote lazima zifike kwenye mashine hiyo, bajeti yake ya wati nayo lazima ikaguliwe, na mashine yenyewe ikidukuliwa, ulinzi wote umevunjika mahali pamoja.

Namna ya tatu inaleta utata mwingi mitaani. Swichi nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwa ajili ya kamera zina kitufe kidogo cha kusukuma pembeni, kilichoandikwa VLAN, au Isolation, au Extend. Kikiwa kwenye upande wa kutenga, kamera haziwezi kuongea zenyewe kwa zenyewe, kila moja inaongea na poti ya juu tu. Hilo ni jema, kwa kuwa kamera moja ikishikwa haiwezi kuirukia jirani yake. Ila poti hiyo ya juu ndiyo inayokwenda kwenye mtandao wa ofisi, hivyo njia ya kwenda kwa mhasibu imebaki wazi kabisa. Fundi anayesema "nimeshaweka VLAN" akiwa amesukuma kitufe hicho tu hajamaliza kazi. Upande wa Extend ndio unaoahidi mita 250. Hushusha kasi ya poti hadi megabiti 10 kwa sekunde na hauko kwenye kiwango chochote cha IEEE. Kwa kamera moja ya mbali huweza kusaidia, lakini mfumo mzima usijengwe juu yake.

Namna ya nne ndiyo VLAN yenyewe, kwa kiwango cha 802.1Q, kwenye swichi yenye ukurasa wa mipangilio. Swichi moja hugawanywa kuwa mitandao kadhaa isiyoonana, kila mmoja na namba yake kati ya 1 na 4094. Ni kama nyumba ya kupanga: vyumba viko chini ya paa moja, lakini kutoka chumba kimoja kwenda kingine ni lazima upite ukumbini, na ukumbini kuna mlinzi. Mlinzi huyo ni ruta au faiwoli, na hapa wengi huteleza. Ruta nyingi zikishaunganisha VLAN mbili huziruhusu zionane bila masharti mpaka mtu aandike sheria ya kuzuia. VLAN bila sheria hizo ni mgawanyo wa majina tu.

Sheria zenyewe ni chache. Kamera na mashine ya kurekodia ziwekwe kwenye VLAN yake, tuseme namba 20. Kompyuta za ofisi zilizoteuliwa ziruhusiwe kuifikia mashine ya kurekodia, si kamera moja moja. Kamera zisiruhusiwe kuanzisha mawasiliano na ofisi wala kutoka kwenda intaneti. Mwenye mali anayetaka kuona akiwa safarini aingie kwa VPN, yaani njia iliyosimbwa inayopita kwenye intaneti, na ruta isifungue poti yoyote moja kwa moja kuelekea kamera. Jambo dogo lenye uzito mkubwa: kamera zilizofungiwa intaneti hukosa chanzo cha saa, kwa hiyo mashine ya kurekodia au ruta iwe ndiyo inayozipa saa. Picha yenye saa isiyo sahihi hupingwa kirahisi mbele ya hakimu.

Juu ya hayo, swichi yenye mipangilio humpa fundi silaha dhidi ya yule mtu wa ngazi. Poti inaweza kufungwa isikubali kifaa kingine zaidi ya kamera ambayo anwani yake ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, imesajiliwa. Anwani hiyo huweza kuigizwa, kwa hiyo kinga hiyo huwazuia wengi, si wote. Kwa benki, hospitali na ofisi za serikali kuna 802.1X, inayoidai kamera kitambulisho cha kidijitali kabla poti haijafunguka. Inahitaji seva ya uthibitishaji na mtu wa kuitunza. Poti zisizotumika zizimwe. Na nywila ya swichi yenyewe ibadilishwe, kwa sababu mwenye kuishika swichi ameshika kila kitu.

Swichi ya namna hii ina faida nyingine ambayo mafundi huithamini haraka: kamera ikiganda, poti yake huzimwa na kuwashwa kutoka ofisini, na kamera ikaanza upya bila mtu kupanda ngazi.

Kasi, radi na joto

Suala la kasi halina ugumu mwingi. Kamera moja ya megapikseli 4 inayobana picha kwa mfumo wa H.265 hutuma kama megabiti 4 kwa sekunde, hivyo poti ya megabiti 100 inaitosha kabisa. Tatizo liko kwenye poti ya juu, ambako zote hukutana. Kamera 16 ni megabiti 64. Zikipangwa kwa H.264 zinaweza kufika 128, na poti ya megabiti 100 haitaweza kuzibeba. Kwa hiyo poti ya juu iwe ya gigabiti, na mashine ya kurekodia ikaguliwe kama inaweza kupokea jumla hiyo.

Radi inastahili uangalifu zaidi. Eneo la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi sana duniani, na waya wa shaba uliotandazwa kutoka jengo moja kwenda jingine ni njia tayari ya kuifikisha ndani. Radi ikianguka karibu, si kamera moja inayoungua, ni swichi na vyote vilivyochomekwa humo. Kati ya majengo uvutwe waya wa fiba, ambao haupitishi umeme, na hiyo ni sababu tosha ya kuchagua swichi yenye tundu la fiba. Kamera ya kwenye nguzo iwekewe kizuia radi kilichounganishwa na ethi ya kweli.

Joto nalo huua kimyakimya. Swichi nyingi za ndani zimetengenezwa kwa mazingira yasiyozidi nyuzi 40 au 50 za Selsiasi. Dari iliyo chini ya bati la Dar es Salaam au Mombasa saa nane mchana huweza kuvuka hapo, na hewa ya chumvi ya pwani hula viunganishi. Swichi ikae chumba chenye hewa, ndani ya kabati lenye kufuli. Ikilazimika kukaa nje, inunuliwe ya viwandani, ambayo baadhi yake hustahimili hadi nyuzi 75.

Swichi kubwa za mtumba kutoka ofisi za Ulaya huvutia kwa bei: zina poti 24 au 48, VLAN kamili na wati za kutosha. Zina pia feni zenye kelele, hula umeme mwingi hata zikiwa tupu, na nyingi zimeshaachwa na watengenezaji, hazipati tena masasisho ya usalama. Kwa chuo chenye mtaalamu wake wa mitandao zinaweza kufaa. Kwa duka au zahanati hazifai.

Uamuzi

Duka lenye kamera zisizozidi nane na jengo moja linatoshelezwa na mashine ya kurekodia yenye PoE mgongoni, mradi wati zake zimehesabiwa kwa usiku na nywila zimebadilishwa. Shule, nyumba ya wageni, zahanati na ofisi yenye kamera kumi hadi thelathini zichukue swichi yenye mipangilio, ya 802.3at, yenye VLAN za 802.1Q, poti ya juu ya gigabiti na tundu la fiba, pamoja na ruta inayoweza kuandikiwa sheria. Taasisi zinazoshika fedha au afya za watu ziongeze 802.1X na mtu wa kuajiriwa wa kuitunza. Na asiyehitaji kuona picha akiwa mbali azitenge kamera zake kabisa na intaneti. Hakuna programu inayoshinda waya ambao haupo.

Tofauti ya bei kati ya swichi ya kubahatisha na swichi inayofaa ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kamera zote, na huonekana kubwa kwa sababu tu inaletwa mwishoni, fedha zikiwa zimekwisha. Kabla hujalipa malipo ya awali, mwombe fundi akuandikie mambo manne kwenye karatasi: jumla ya wati za kamera zako taa zikiwa zimewaka, bajeti ya wati ya swichi anayoileta, VLAN ya kamera na sheria zitakazoizuia, na saa ambazo mfumo utadumu umeme ukikatika. Kisha makabidhiano yafanyike saa mbili usiku, si mchana. Fundi anayejua kazi yake atakubali bila kusita. Asiyeweza kuyaandika hayo manne usimpe kazi.